Mwanangu alipokuwa Mikindani

Neno lililonitisha siku ile ni "kambo". Dada wa ustawi wa jamii alikuwa ameketi kwenye benchi la ofisi ya mtendaji wa kijiji, faili mapajani, akasema taratibu kwamba mtoto akitoka hospitali atakwenda kwenye malezi ya kambo. Mimi nikasikia mama wa kambo. Nikakumbuka zile hadithi za bibi, mtoto anapewa ukoko wenzake wanakula wali, usiku anatumwa kisimani na mtungi uliotoboka. Nikasimama, nikapayuka kwamba mwanangu haendi kuteswa na mwanamke nisiyemjua.

Mtendaji akaniangalia. "Kaa chini, njomba. Mpaka leo aliyemtesa ni nani?"

Nikakaa. Nilikuwa bado nanuka gongo ya juzi.

Niseme mapema nilichofanya, ili anayesoma asidhani nilionewa. Mke wangu alifariki 2017, akaniachia binti wa miaka sita na shamba la mikorosho huku upande wa Nanyamba, mkoani Mtwara. Ukaja ule msimu wa 2018 ambao serikali ilinunua korosho kwa shilingi 3,300 kilo moja na malori ya jeshi yakaja kubeba mzigo. Hela yangu ilipoingia, mwaka 2019 umeshaanza, niliingia nayo kilabuni. Nikawa natoka asubuhi, narudi usiku. Mwisho nikawa sirudi. Usiku wa tatu wa kutorudi kwangu, mwanangu, miaka minane, alijipikia uji kwenye mafiga. Sufuria ikapinduka, ukammwagikia paja lote la kushoto.

Jirani, mama mmoja anayeuza vitumbua, ndiye aliyesikia kilio. Akampeleka zahanati, zahanati wakampeleka hospitali mjini Mtwara. Nesi alipomuuliza nyumbani yupo nani, mtoto akajibu, "Baba yupo shamba." Alinitetea. Nililisikia hilo baadaye, na katika yote niliyoyasikia mwaka ule, hilo ndilo lililonivunja.

Yule jirani nilimnunia msimu mzima, kwamba ndiye aliyenichongea. Kumbe Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mtu yeyote anayejua mtoto anaumizwa au ametelekezwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji, na hata ukiwa huko porini kuna namba 116, unapiga bure. Asingekwenda yeye, angekwenda mwingine. Au asingekwenda mtu, na leo nisingekuwa na cha kuandika.

Sasa kuna jambo ambalo nimelificha kwa watu wengi. Kabla mtoto hajapelekwa kwa watu baki, ustawi hutafuta ndugu kwanza. Dada yule aliniuliza mara mbili: upande wa mama yake yupo nani? Na sisi Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama, wajomba na mama wadogo wana sauti kuliko mimi baba. Nikamtajia bibi yake wa Newala, ambaye macho yamekwisha. Nikamtajia mjomba yuko Dar es Salaam, anapanga chumba kimoja. Mama yake mdogo, mwenye nyumba na watoto wawili hapo hapo Newala, sikumtaja. Tulikuwa tumegombana kuhusu kipande cha shamba baada ya msiba, na nikaona afadhali mtoto aende kwa mgeni kuliko yule mwanamke apate la kunisema. Hivyo ndivyo mwanangu alivyokwenda kulelewa na familia ngeni Mikindani, mji mdogo wa pwani karibu na Mtwara mjini.

Miezi minne baadaye nilikwenda kuungama. Nikadhani atahamishwa kesho yake. Dada wa ustawi akanijibu kwamba mtoto kidonda kinafungwa hapa, shule ameshaanza hapa, usiku ameanza kulala bila kupiga kelele, tukimng'oa tena tutakuwa tumemng'oa mara ya pili. Mama mdogo akaruhusiwa kumtembelea, basi. Kwa hiyo ukiulizwa ndugu, taja wote. Taja na yule uliyekorofishana naye. Wao ndio watakaokwenda kumpima kama anafaa, hiyo si kazi yako.

Mahakamani nako niliharibu. Mahakama ya Watoto si ile ya umati na askari. Kilikuwa chumba kidogo, hakimu, karani, ustawi na mimi, na hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia. Hakimu akauliza, "Baba, una la kusema?" Nikasema sina. Aibu ilikuwa imenikaba koo. Ningeweza kusema kwamba mtoto anaogopa giza, kwamba ana kitenge cha marehemu mama yake ambacho bila hicho halali, kwamba naomba nijue nitamwona siku gani na nifanye nini ili arudi. Hayo yote yangeandikwa. Sikujua pia kwamba wapo wasaidizi wa kisheria ambao hawalipishi, sheria ya msaada wa kisheria ipo tangu 2017. Niliyemjua mimi ni kishoka mmoja wa pale stendi, akaniambia ana mtu wake, nitoe laki mbili "za kufungulia faili" na mtoto atarudi ndani ya wiki. Nilitoa. Wiki ikapita, simu yake ikawa haipatikani.

Kilichonisumbua zaidi kipindi kile kilikuwa uvumi. Kilabuni waliniambia mtoto akishachukuliwa ndiyo basi, anapewa wenye hela, anabadilishwa jina. Sikulala. Ilibidi dada wa ustawi anikalishe kama mwanafunzi. Malezi ya kambo ni kulelewa kwa muda, akasema, wewe bado ni baba yake, jina ni lako na wajibu ni wako. Kuasili ndiko kumfanya mtoto kuwa wa mtu mwingine moja kwa moja, na hilo linakwenda mpaka Mahakama Kuu, halifanyiki barazani kwa mtu. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Umejiandaa kumwona?"

Nilidhani nimejiandaa. Nilinunua soda na biskuti, nikavaa shati la harusi.

Mara ya kwanza ilikuwa ofisini kwao, mbele ya afisa. Mwanangu aliingia ameshikwa mkono na mama mmoja wa makamo, buibui, sauti ya chini. Kichwani amesukwa twende kilioni, mistari imenyooka, mafuta yanang'aa. Nyumbani alikuwa na nywele za kufunga na uzi mara moja kwa mwezi, jirani akikumbuka. Badala ya kushukuru nikachukia. Nikaona kama natukanwa kwa nywele. Nikaanza kumuuliza mtoto mfululizo: Wanakupiga? Unakula nini? Unalala na nani? Yeye anamtazama yule mama, ananitazama mimi, midomo imefunga. Afisa akanikatiza, akasema baba, huyu si shahidi.

Kukawa kimya. Halafu mtoto akauliza swali lake moja tu.

"Baba, korosho za mti wangu zipo?"

Mti wake ni ule wa karibu na jiko, mama yake alimpa alipoanza kutembea. Kila msimu anaokota za chini ya mti huo peke yake, anazitia kwenye ndoo yake ya rangi ya bluu, tunauza, ananunuliwa nguo. Msimu ule ndoo ilikuwa chini ya kitanda. Nilikuwa nimeziuza kangomba, yaani kwa walanguzi wa kichochoroni, kwa bei ya kutupa, siku moja ambayo kiu ilinizidi.

"Zipo," nikamwambia.

Uongo ule niliuona ukinirudia. Ziara ya pili akaniuliza zimefika bei gani. Ziara ya tatu hakuuliza tena, na nikajua ameshajua. Nilimwambia ukweli mwezi Julai, tumekaa ukutani tunatazama mitumbwi. Alichukua jiwe, akalitupa majini, akasema, "Nilijua. Ulikuwa unaangalia chini." Msimu uliofuata niliokota za mti wake, punje kwa punje, nikazipima peke yake, na hela nikampelekea mkononi mbele ya yule mama. Akazihesabu mara mbili.

Yule mama wa Mikindani anastahili nimwelezee kidogo. Mumewe ni fundi wa mashua, watoto wao wamekua wameondoka. Kabla ya kupewa mtoto walikaguliwa nyumba, choo, mwenendo wao kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilikuwa na hakika analipwa, tena vizuri. Hakuwa na mshahara wowote. Sabuni na madaftari vilitoka mfukoni kwao. Ziara zilipohamia nyumbani kwake, chini ya kile kilima chenye Boma la zamani, nilikuwa nafika nimenuna, nakaa ukingoni mwa jamvi kama mdai. Yeye ananikaribisha maji, chai, ananiita kaka.

Sisi ni Wakatoliki, wao Waislamu. Nililibeba hilo kifuani muda mrefu bila kumwambia mtu, nikingoja kulitumia siku ya ugomvi. Siku moja paroko akaniambia amemwona mwanangu kanisani mjini. Nikauliza kapelekwa na nani. Kumbe kila Jumapili yule mama alikuwa anapanda naye daladala, anamwingiza mlangoni, yeye anakaa nje chini ya mwembe na buibui lake mpaka misa iishe. Mimi sikuwahi kusema lolote kuhusu dini. Alimuuliza mtoto. Ningekuwa na akili ningemwandikia karatasi siku ya kwanza: dini yake, dawa inayomletea vipele, kitenge cha kulalia, kwamba hali bamia, kwamba akikaa kimya sana ana homa.

Wiki chache baada ya hapo nilikwenda na ming'oko, ile mizizi ya porini tunayokula huku kwetu. Niliichimba mwenyewe, nikaichemsha usiku, nikaifunga na majani, bado ya uvuguvugu niliposhuka stendi ya Mtwara na kupanda gari la Mikindani. Mtoto aliifungua, akanusa, akaanza kumenya. Akamfundisha yule mama, ambaye pamoja na kukaa kusini miaka yote alikuwa mtu wa wali na samaki, namna ya kuvuta ganda kwa kucha na kutema nyuzi. Mama akatafuna, akakunja uso, akasema ni tamu. Mtoto akacheka mpaka akalala chali. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mama yake azikwe, na ilitokea kwenye jamvi la mtu mwingine. Nilikubali.

Kosa langu kubwa wakati wa ziara lilikuwa ahadi. Unamwona mtoto analia wakati wa kuagana, unasema maneno ya kumnyamazisha: "Wiki ijayo baba anakuja kukuchukua." Nililisema, nikapanda gari, nikasahau. Jumamosi ile jioni yule mama akanipigia. Mtoto alikuwa amefunga begi lake tangu asubuhi, amekaa barazani, hakula mchana, na alipoambiwa aingie ndani baada ya Magharibi akasema baba akifika hatamwona.

"Kaka," yule mama akasema, "usimwahidi. Mimi ndiye ninayebaki naye usiku."

Tangu siku ile nikawa namwambia ninachokijua tu. Nakuja Jumamosi ya pili. Siku ya kurudi siijui. Analia, lakini analia kilio cha kuisha.

Nikanunua kaunta buku. Kila ziara naandika tarehe, saa niliyofika, tulichozungumza, nilichopeleka: unga wa muhogo debe, mbaazi, sare ya shule. Ilikuwa ni kujishikilia tu, kwa sababu nilikuwa nimeacha pombe na mikono ilikuwa haina kazi. (Namna nilivyoiacha ni habari nyingine, ndefu na haina utamu.) Lakini dada wa ustawi alipohamishwa, akaja kijana mpya ambaye hanijui, anajua faili tu, na faili lilikuwa limejaa mambo yangu ya Machi 2019. Nikamwekea kaunta buku mezani. Akasoma karibu nusu saa. Ziara 22, nimekosa tatu, na tatu hizo nimeandika kwa nini.

Halafu kukaja suala la unyago. Likizo ya Desemba 2019 watoto wa rika lake kijijini walikuwa wanaingizwa ndani, na shangazi yake pamoja na yule mama yake mdogo wakaona mtoto wao hawezi kubaki nyuma kwa sababu ya mambo ya serikali. Wakaenda Mikindani bila kuniambia, na khanga mpya, kumchukua akachezwe. Yule mama aliwapokea, akawapikia chai, akawapa maandazi, na huku nyuma akapiga simu ustawi, kisha kwangu. Nikawekwa katikati. Nikisema aende, naonekana sijabadilika. Nikisema asiende, naukana ukoo.

Nilisema asiende. Ana miaka minane, nikasema, akikua na akiwa kwetu tutakaa tuzungumze. Shangazi hakunisalimia mpaka Pasaka. Lakini lawama nusu ni yangu, maana sikuwa nimewakalisha ndugu tangu mwanzo nikawaeleza kwamba mtoto hapelekwi mahali, hahamishwi shule, hafanyiwi la kimila bila ustawi kujua. Nilikuwa nimewaambia yuko Mtwara "anasoma".

Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na ziara zikawa za simu. Miezi mitatu ya "shikamoo baba", "marahaba, umekula?", "ndiyo". Mtoto wa miaka tisa hana la kusema kwenye simu. Tukabuni mchezo, mimi namtajia kilichopo uani na yeye anabashiri kinafanya nini. Kuku mweupe? Analalia. Mti wako? Umetoa maua.

Kurudi kwake hakukuwa kwa siku moja. Kwanza Jumamosi na Jumapili, baadaye likizo fupi, mwisho Desemba 2020 moja kwa moja. Yule kijana wa ustawi alikuja kukagua: chandarua, kitasa cha mlango, choo, na swali alilolirudia kuliko yote, ukiwa shamba mtoto anabaki na nani? Anabaki kwa mwuza vitumbua, nikasema. Yule niliyemnunia. Mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, akaitikia kwa kichwa.

Watu wanadhani mtoto akirudi mambo yamekwisha. Wiki ya kwanza mwanangu aliamka alfajiri akaosha vyombo vyote, akafagia uwanja, akakaa. Nikadhani ni tabia njema aliyofundishwa. Siku ya tatu, mchana, jua kali, akaja nilipokuwa nabangua korosho, akasimama mikono nyuma, akasema, "Baba, naomba maji ya kunywa."

Mtungi uko hatua tano kutoka aliposimama, na kikombe chake kiko juu yake. Alikuwa mgeni nyumbani kwake. Sikujua niseme nini. Niliinuka nikamchotea, akanywa, akasema ahsante, akarudi kukaa. Begi lake halikutolewa nguo mpaka Februari. Chini ya godoro nilikuwa nakuta vipande vya maandazi vimekauka. Usiku akishtuka alikuwa anaita mama, na si mama yake aliyezikwa.

Hilo la mwisho liliniuma, siwezi kudanganya. Nilifikiria kuikata simu ya Mikindani, nimwambie yule mama ahsante, kazi imekwisha, mtoto azoee. Nikamuuliza kijana wa ustawi. Akanijibu kwa swali: wewe ulipokuwa hupo, tulimkatia simu yako?

Sasa kila Jumapili jioni yule mama hupiga, au sisi tunapiga, kutegemea salio la nani lipo. Nampa mtoto simu, natoka nje. Najua wanazungumza nini kwa sababu anapaza sauti: amepata ngapi hesabu, paka amezaa, mti wake una mabibo mengi mwaka huu. Mara nyingine anashusha sauti kabisa, na hapo sisikii kitu. Nakaa pale chini ya mkorosho mpaka amalize, ananiletea simu ikiwa ya moto.